Sahihi ya Pili

4 Februari

Dada,

Huku tu wazima, ila kikohozi cha Mama kimerudi, na yeye hataki kiitwe kikohozi. Anasema anasafisha koo. Mlango wa uani umepata bawaba mpya. Kuku wa jirani bado wanakula kwetu na kutaga kwao. Mama anakusalimu sana, anauliza kama kichwa bado kinakuuma ukisahihisha madaftari, na anasema ule vizuri, usiwe mwalimu wa mifupa mitupu.

Sasa la maana. Kifurushi kilichokuja na barua hii usikifungue kwenye meza yenye chai. Ni madole ya ombi letu la kura. Karatasi hamsini na tatu, alama elfu moja mia tatu na kumi na mbili. Tulianzia hapa hospitalini kwenye chumba cha kufulia, tukaenda jikoni, kisha kwa wafagizi, halafu wanawake wakaanza kuja wenyewe kutoka sokoni na kiwanda cha magunia. Dole la kwanza kwenye karatasi ya kwanza ni la Mama, ingawa yeye si mfanyakazi wa hapa. Alilibonyeza mpaka karatasi ikataka kutoboka, akasema, "Wasije wakasema hawakuniona."

Utaona madole mengine hayana mistari. Usidhani tumeghushi. Miaka kumi ya magadi na maji ya moto hula ngozi. Dole la dobi huwa laini kama mgongo wa kijiko. Akiuliza mtu huko, mwambie aje aguse.

Pasi, yule mwanamke mkuu wa chumba cha kupigia pasi ninayekutajia kila mara, ndiye aliyezunguka na karatasi hizi siku zake zote za mapumziko. Hajui kusoma, lakini anakumbuka kila dole ni la nani. Ana swali, na ameniapisha niliandike kama lilivyomtoka: "Hiyo kura mnayotuombea huko ni ya wanawake, au ni ya wanawake wenye mikoba?"

Mjibu.

Mdogo wako


21 Februari

Kitindamimba wangu,

Kifurushi kimefika, hakuna karatasi hata moja iliyolowa. Mimi mzima, kichwa kinauma siku za Ijumaa tu, na mwambie Mama nimeongezeka kilo mbili. Anywe asali kwa hicho asichokiita kikohozi. Nimepewa darasa la saba mwaka huu, watoto hamsini na moja na madawati ishirini.

Madole yenu tumeyapeleka mbele ya kamati ya Baraza. Tulikwenda watu watano wa Chama cha Wanawake, Bibi Mwenyekiti mbele na mimi katibu nyuma nimebeba karatasi kama mtu aliyebeba mtoto. Mjumbe mmoja wa miwani alichukua karatasi, akaitazama kwa mbali, akauliza, "Hizi ni alama za watu au za paka?" Wenzake wakacheka. Nikasimama bila kuitwa. Nikamwambia, "Mheshimiwa, shuka ulilolalia ulipolazwa mwaka jana lilifuliwa na vidole hivyo." Kicheko kilikatika kama uzi.

Bibi Mwenyekiti alinivuta gauni nikae. Tulipotoka alinishika bega, akasema nimefanya vema ila nisirudie.

Mwambie Pasi kazi yake imefika mahali pake.

Dada yako


3 Machi

Dada,

Hatujambo. Mama amecheka habari ya paka mpaka akalisafisha koo kwelikweli. Anazunguka mtaani akisimulia jinsi mwanawe alivyomnyamazisha mheshimiwa, na kila siku wale waheshimiwa wanaongezeka idadi. Jana walikuwa saba.

Pasi nilimsomea barua yako yote. Alisikiliza, akaweka pasi juu ya kigae, akasema, "Ameandika vizuri. Sasa nisomee pale aliponijibu."

Nikarudia kutafuta, nisipaone. Labda karatasi moja imebaki kwenye bahasha nyingine?

Mdogo wako


16 Aprili

Kitindamimba wangu,

Nisamehe kukawia, na nisamehe ufupi. Tumeshinda! Sheria imepita leo asubuhi. Wanawake wa nchi hii watapiga kura. Mpeni Mama mkono kwa niaba yangu. Mambo mengine nitayaeleza nikipata nafasi.

Dada yako


28 Aprili

Dada,

Nakuandikia nikiwa sijui nianzie wapi, basi nianze na furaha, maana tuliipata, ya siku tatu nzima.

Barua yako ilifika Jumanne. Pasi alipanda juu ya kapu la mashuka machafu akaitangaza. Wapishi waligonga masufuria. Mama alivaa nguo yake ya harusini, akakaa barazani kupokea pongezi kama bibi harusi.

Ijumaa daktari mmoja aliacha gazeti lake kwenye kitanda cha wagonjwa, likaja chini pamoja na mashuka. Wakaniita nilisome kwa sauti, kwa kuwa mimi ndiye mwenye darasa la nane. Nikasoma. Nilipofika kifungu cha sita ulimi uligoma, Pasi akasema, "Endelea." Nikaendelea. Mwanamke atapiga kura akiwa na cheti cha darasa la nane, au nyumba iliyoandikwa kwa jina lake. Mwanamume atapiga kura akitimiza miaka ishirini na mmoja.

Bawabu wetu hushika gazeti miguu juu kichwa chini. Yeye atapiga kura.

Mmoja aliuliza, "Kwa hiyo madole yetu yamekwenda kumwombea nani?" Wote wakanitazama mimi, kwa sababu kati ya wanawake thelathini na wanne wa chumba kile, mwenye cheti ni mmoja.

Nilimweleza Mama nyumbani. Alivua ile nguo, akaikunja vizuri.

Gazeti linasema "wawakilishi wa Chama cha Wanawake waliafiki kifungu hicho kwa maandishi." Nani aliafiki, Dada? Ulikuwamo chumbani?

Mdogo wako


10 Mei

Kitindamimba,

Natumaini mu wazima. Barua yako haina salamu za Mama. Je, amelala kitandani? Usinifiche.

Naelewa hasira zenu, na hasira hizo ni haki yenu. Lakini nawe nielewe. Baraza lilikuwa linatupa ama kifungu cha sita ama patupu. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Nimesoma habari za nchi nyingine na nimewasomesha watoto: kuna walikoanza na wanawake wenye mali na waliopita miaka thelathini, wengine wakasubiri miaka kumi ndipo wakaingia. Kuna walikoanza na wanawake wa rangi moja tu. Haki haiji kwa mkupuo. Wanatangulia wachache, kisha wanawavuta wenzao.

Nimefikiria jambo la kufaa. Nawatumia vitabu arobaini vya kusomea. Fungueni darasa pale chumba cha kufulia baada ya kazi. Ukiwafundisha wewe kwa bidii, baada ya miaka michache baadhi yao watafanya mtihani. Mama mwenyewe ana akili kali, anaweza.

Mweleze Pasi kwamba sijamsahau.

Dada yako


1 Juni

Dada,

Sisi wazima. Mama hakulala kitandani. Yupo hapa mbele yangu anachambua mchele, nimemuuliza kama ana salamu, amesema mchele una mawe mengi.

Vitabu vyako vinarudi kwa gari la kesho. Vizuri sana, vina picha. Mama alivishika kimoja kimoja. Akasema, na hili ndilo neno lake pekee kwako kwa mwezi mzima: "Nikitaka kusoma nitasoma. Sitasoma ili nihesabiwe mtu."

Nimezisoma zile habari zako za nchi nyingine, nikawasomea wenzangu. Pasi ameuliza swali moja: wale waliotangulia kuingia, waliwarudia wenzao lini? Waliwavuta, au wale wa nje walikuja kujivuta wenyewe huku wa ndani wakiwaambia wasipige kelele? Mwalimu ni wewe, tuambie. Na wale wanawake wa rangi nyingine, waliotembea kwenye maandamano yale yale na kubeba mabango yale yale, walisubiri miaka mingapi?

Matroni wa hospitali aliniita ofisini kwake. Alikuwa ameniwekea kiti, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akasema daftari la wapiga kura linafungwa tarehe thelathini na moja Agosti, na kadi yangu ipo tayari kuandikwa, na mwenye kadi ndiye anayefaa kuwa msimamizi wa dobi wote. Nikamwambia nitafikiri. Nikatoka nikarudi kwenye mashuka yangu.

Kuanzia sasa barua zako zije kwa posta ya sokoni. Usitumie anwani ya hospitali.

Nakuuliza mara ya pili, na sitauliza ya tatu. Sahihi ilikuwa ya nani?

Mdogo wako


20 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako imekaa mezani kwangu siku arobaini na mbili. Nimeijibu mara nne nikachana. Zote nne zilikuwa nzuri mno.

Sahihi zilikuwa mbili. Ya kwanza ya Bibi Mwenyekiti. Ya pili yangu.

Nitakueleza ilivyokuwa, usije ukadhani nilifungwa kamba. Ilikuwa chumba kidogo kilicho karibu na ukumbi wa Baraza, meza ya duara, chai na biskuti. Yule mjumbe wa miwani aliweka karatasi mbele yetu, akasema, "Mkiafiki, inapita kesho. Msipoafiki, tutaonana baada ya miaka mitano." Akatupa dakika kumi akatoka. Alitabasamu alipokuwa akifunga mlango.

Bibi Mwenyekiti aliuliza, "Wangapi kati yetu wanaguswa na kifungu hiki?" Tulikuwa watano. Hakuna aliyeguswa. Yeye akasema, "Basi hatupotezi kitu." Nikasikia maneno hayo na sikuyajibu. Akatia sahihi akanipa kalamu.

Nilitaka kukuandikia kwamba sikumkumbuka Mama kwa dakika ile. Ndivyo ilivyokuwa kwenye barua zote nilizochana. Ni uongo. Nilimkumbuka. Nililiona dole lake, maana zile karatasi zilikuwa pale pale kwenye kiti. Nikamkumbuka, na nikatia sahihi.

Sasa niko tayari kujiuzulu ukatibu. Nitaandika gazetini, nitaeleza yote, na jina langu liandikwe kwa herufi kubwa. Niambie kama hilo litatosha.

Na niambie kwa nini nisitumie anwani ya hospitali.

Dada yako


30 Julai

Dada,

Nimeisoma barua yako peke yangu, kisha nikamsomea Mama, kisha Pasi. Mama aliondoka kabla haijaisha. Hajakwenda mbali, alikaa uani na kuku wa watu.

Nianze na la hospitali. Nimefukuzwa. Pasi alifukuzwa tarehe kumi na mbili Mei, siku alipokataa kupiga pasi nguo za sherehe ya waheshimiwa waliokuja kupongezwa hapa. Mimi nilifukuzwa wiki moja baada ya kukaa kwenye kiti cha Matroni, nilipompelekea jibu kwamba kadi siitaki. Sikukuambia kwa sababu ungenionea huruma, na mimi nilitaka unijibu kwanza. Sasa tunafua nguo za watu hapa uani, wanawake watano, na Mama ndiye anayetusimamia, Mungu atusaidie.

Kuhusu kujiuzulu: hapana. Pasi ameniambia nikuandikie taratibu ili usikasirike, lakini mimi ni mdogo wako na nitakuandikia haraka. Ukijiuzulu na kulia gazetini, utalala usingizi mzuri, watu watasema mwalimu yule ana moyo, na sisi tutabaki na kifungu cha sita. Tunakutaka hapo hapo ulipo, pawe panakuchoma.

Sikiliza tunachotaka. Hatukukibuni jana, tumekaa vikao vinane.

Nchi nzima walimu, wauguzi na makarani wanawake wenye vyeti ndio watakaoingia kwenye daftari. Wasiingie. Wasichukue kadi mpaka kifungu kifutwe. Baraza limewaambia wageni na magazeti kwamba wanawake wamepata kura. Siku ya kura iwe haina wanawake, tuone watamwonyesha nani.

Wewe unawajua walimu wa huko. Pasi anakuja tarehe kumi Agosti. Mtafutie ukumbi, mpe mahali pa kulala, waite watu. Basi. Usimwandikie maneno. Usisimame kumtafsiria kama vile anasema lugha ya ndege. Ulikwisha kusema kwa niaba yetu mara moja.

Si rahisi kukuandikia hivi. Kila kitu nilichowahi kujua, nilikijua kwako kwanza.

Mdogo wako


2 Septemba

Mdogo wangu,

Nimesubiri daftari lifungwe ndipo niandike, nisikupe tena habari nusu.

Pasi alifika na begi moja na miguu imevimba. Nilimpa kitanda changu. Alikataa, tukabishana mpaka jirani akagonga ukuta, mwisho tukalala wote wawili kichwa na miguu. Anakoroma. Asubuhi nilifanya lile ulilonikataza. Nilikuwa nimemwandalia hotuba, karatasi tatu. Nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Maneno mazuri. Utayasema wewe siku yako."

Ukumbi ulikuwa wa shule yetu. Walikuja wanawake kama mia mbili, walimu na wauguzi, wengine wametumwa na Bibi Mwenyekiti waje kuharibu. Pasi alisimama mbele bila karatasi. Akasema:

"Mlibeba madole yetu mpaka mlangoni. Mlango ukafunguka, mkaingia, ukafungwa nyuma yenu. Sikuja kuwaambia mtoke nje mje kulia nasi. Kulia tunajua wenyewe. Mko ndani. Nawaombeni msikae."

Muuguzi mmoja alisimama, mwanamke mtu mzima, akasema kwa uchungu, "Nimeingoja kura hii tangu nikiwa msichana. Nikiikataa, nani atafaidika? Wanaume watacheka."

Pasi akamwambia, "Wanacheka sasa, dada'angu. Hujawasikia kwa sababu uko karibu nao."

Ukumbi ukachafuka. Kila mtu akasema lake. Kisha wakaanza kunigeukia mimi: Katibu, hebu fafanua. Katibu, anamaanisha nini huyu? Ulimi uliniwasha. Nilikuwa na majibu kumi. Nikasema tu, "Muulizeni mwenyewe, yuko mbele yenu." Wakamuuliza. Alijibu kwa muda wa saa mbili, amesimama, na miguu ile.

Mwishoni Pasi mwenyewe aliniita. Nilisema mambo mawili. La kwanza, kwamba sahihi ya pili ni yangu. La pili sijakuambia hata wewe. Kadi yangu niliichukua mwezi Mei, siku ya kwanza kabisa, nilikuwa wa tatu kwenye foleni. Nilipokuandikia kuhusu vitabu ilikuwa mkobani mwangu. Niliitoa pale mbele yao, na kesho yake nikaipeleka ofisini kwa msimamizi wa daftari. Hakujua aiweke wapi. Akasema hakuna fomu ya kurudisha.

Yule muuguzi mtu mzima alikuwa nyuma yangu kwenye foleni ya kurudisha. Alilia na kunitukana kwa zamu.

Hesabu ndiyo hii. Katika mji huu wanaostahili ni mia saba na arobaini. Mpaka tarehe thelathini na moja, waliobaki na kadi ni hamsini na wanane. Bibi Mwenyekiti ni mmoja wao. Chama kimenifukuza, na mwalimu mkuu ameniambia mwakani nitahamishiwa mahali ambako gari hufika mara moja kwa wiki. Alidhani nitaomba msamaha. Nilikuwa mwoga, lakini sikuomba.

Sijui kama Baraza litafanya lolote. Siahidi kitu tena.

Mwambie Mama... La. Usimwambie kitu. Nisalimie kuku.

Dada yako


25 Novemba

Dada,

Wewe utakuwa umekwisha kusoma gazetini, lakini niache nikuandikie kama vile hujui, maana nimeingoja barua hii mwaka mzima.

Kifungu cha sita kimefutwa. Kura kumi na tisa kwa kumi na saba. Mtu wa miwani ni mmoja wa wale kumi na saba, na alisema kwa saa nzima. Walipoona daftari jipya karibu tupu, na magazeti ya nje yakaanza kuuliza hao wanawake waliopewa kura wako wapi, wakaanza kulaumiana. Kwenye picha ya gazeti Bibi Mwenyekiti ndiye aliyesimama katikati, anatabasamu. Pasi alimtazama, akasema, "Mwacheni. Picha haipigi kura."

Usidhani kila kitu kimekaa sawa. Pasi hakurudishwa kazini, wala mimi. Wawili kati ya wale watano tuliokuwa nao uani walichoka kungoja wakaenda zao, na hawatusemeshi. Kuna wenzetu wanaosema wewe usikanyage hapa kamwe. Sikuwabishia. Nimewaambia ulichofanya kibaya na ulichofanya kizuri, wapime wenyewe.

Jana daftari lilifunguliwa upya, tukaenda kujiandikisha. Mstari ulifika mpaka kwenye lango la hospitali. Mama alitoka asubuhi na mapema, akawa wa kwanza, kisha akamwachia nafasi mama mmoja mwenye ujauzito, kisha mwingine mwenye fimbo, hivyo hivyo mpaka akajikuta wa tisini. Karani alimuuliza kazi yake. Akasema, "Andika dobi." Hajawahi kuwa dobi siku moja ya maisha yake, Dada, ametusimamia miezi sita tu.

Tuliporudi nilimuuliza tena, kama ninavyomuuliza kila barua: Mama, una neno kwa mwanao? Safari hii hakusema habari ya mchele. Aliniambia nichukue kalamu na niandike kila atakalosema bila kulipamba. Basi haya ni yake:

"Nimesikia ulichofanya ukumbini. Nimesikia pia ulichofanya chumbani, na bado nakisikia. Uliniona ukatia sahihi. Ungekuwa umenisahau ningekuwa nimekusamehe siku nyingi.

"Watu hapa wananiambia mwanao amejirekebisha, mpe salamu zako. Nikikupa salamu nitakuwa nadanganya, na mimi nimechoka kuandikiwa mambo mazuri.

"Sijakusamehe. Shule zikifungwa, panda gari uje. Msamaha hautumwi kwa posta."